Shajara ya mradi: kulifuta faili la bodi

Siku ya 1

Leo sijaandika hata mstari mmoja. Nimelisoma faili la bodi yetu ya elektroniki kutoka juu hadi chini, mistari 1,412 ya lugha ya C, daftari likiwa pembeni. Faili hili ndilo linaloiambia kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) kwamba kwenye bodi yetu kidhibiti cha mtandao kipo kwenye anwani fulani, chipu ya saa na tarehe ipo kwenye basi ya I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu), pini hii inawasha taa na ile inariseti (inaanzisha upya) chipu ya mtandao. Kerneli haiwezi kuyagundua hayo peke yake. Kifaa cha USB ukikichomeka hujitambulisha. Kifaa kilichounganishwa kwenye basi ya ndani ya chipu hukaa kimya mpaka mtu aseme kipo wapi.

Chipu kuu, ya ARM ya biti 32, inatambuliwa na kerneli kuu, ile inayotolewa na mradi wa Linux wenyewe, kwa miaka mingi sasa. Kilichobaki nje ni bodi yetu. Kila toleo jipya likitoka tunalibeba faili hili na kulishonea upya: jina la kitendakazi limebadilika hapa, muundo umeondolewa pale. Mwishowe tukachoka tukabaki kwenye toleo la zamani linalotunzwa kwa muda mrefu, na utunzaji wa toleo hilo nao unakaribia kwisha.

Lengo ni moja: bodi ielezwe kwa mti wa vifaa (faili la maelezo tu, si msimbo, linalosema kifaa gani kipo wapi), maelezo hayo yaingie kwenye kerneli kuu, na faili hili lifutwe.

Njia hii wengi wameshaipita. Mpaka mwaka 2011 saraka ya arch/arm ilikuwa imejaa mafaili ya namna hii, kila bodi na lake, mengi yakirudia yaleyale kwa namba tofauti, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani. Dawa iliyochaguliwa ilikuwepo tayari. Wazo la kuieleza mashine kwa mti lilitoka Open Firmware (programu ya kuwashia kompyuta), iliyowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na watu wa vichakato vya PowerPC walikuwa wanalitumia ndani ya Linux. Toleo la 3.7, Desemba 2012, likawezesha kerneli moja ya ARM kuwaka kwenye chipu za watengenezaji tofauti. Toleo la 6.3, Aprili 2023, likafagia mafaili ya bodi yaliyokosa watumiaji, zaidi ya mistari laki moja.

Kabla ya kufunga daftari nimeorodhesha mistari ninayoiita ya giza. Ni mistari ambayo naona inachofanya lakini sijui kwa nini inafanya. Iko 9. Mmoja unawasha mapigo ya saa (ishara inayoongoza mwendo wa chipu) ambayo hakuna draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, inayoyaomba. Mitatu inaandika sifuri kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya chipu) za pini. Mmoja unasubiri milisekunde 20. Mmoja unafuta biti ndani ya chipu ya saa na tarehe. Mitatu inahusu kifaa nisichokijua kabisa. Hakuna hata mmoja wenye maelezo, na aliyeiandika hayupo tena kwenye kazi hii. Sheria niliyojiwekea: mstari wa giza haufutwi mpaka nijue uliwekwa kwa sababu gani.

Siku ya 3

Kikwazo cha kwanza hakiko kwenye kerneli. Programu inayoiwasha bodi ni ya zamani mno, haijui mti wa vifaa ni nini. Inaweka namba ya aina ya mashine kwenye rejista r1, anwani ya orodha ndogo ya vigezo kwenye r2, kisha inarukia kerneli. Bodi zilizokwisha fungwa sehemu zake hatuwezi kuzibadilishia programu hiyo. Ikikatika katikati ya uandishi, bodi imekufa, na hakuna wa kuifikia.

Njia ipo: mti uliokusanywa unabandikwa mwishoni mwa faili la kerneli lenyewe. Kerneli ikishaanza kujifungua inatazama baada ya mwisho wake, ikikuta alama ya 0xd00dfeed inajua hapo kuna mti. Ukubwa wa kumbukumbu na mstari wa amri inaweza kuvichukua kwenye ile orodha ya kale na kuviingiza ndani ya mti. Nimeandika mti wa kwanza wenye vitu vitatu tu: kumbukumbu, poti ya siriali, na jina la bodi. Yaliyo ndani ya chipu kuu nimeyarithi kutoka faili la pamoja ambalo bodi zote za chipu hii hulitumia.

Ikawaka. Imefika mpaka kulalamika kwamba haina mzizi (mfumo wa mafaili wa kuanzia) wa kupachika, basi. Nimeyasoma maneno yale kwenye skrini kwa furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu aliye nje ya kazi hii.

Siku ya 6

Kifaa chetu cha kukusanya vipimo kina waya wake wa katizo (ishara ya kukiomba kichakato kikihudumie kifaa) unaoingia moja kwa moja kwenye kidhibiti cha makatizo. Faili la zamani linasema katizo namba 87. Nikaandika 87 kwenye mti. Draiva ikapakiwa bila kosa, ikaomba katizo lake, ikapewa. Lakini kwenye /proc/interrupts, ambako kerneli huhesabu makatizo, hesabu ilibaki sifuri. Hakuna ujumbe wa hitilafu popote.

Nusu siku ilikwenda hapo, na ninaandika ili mwingine asiipoteze. Kidhibiti hiki hutenga namba 0 hadi 31 kwa makatizo ya ndani ya vichakato. Makatizo ya vifaa huanzia 32. Ndani ya mti wa vifaa, ukishasema hili ni katizo la kifaa, hesabu inaanza upya kwenye sifuri. Kwa hiyo 87 ya kitabu cha chipu ni 55 kwenye mti. Mimi nilikuwa nimejiandikisha kwenye mlango wa jirani ambaye hayupo.

Nikarekebisha, hesabu ikaanza kupanda, lakini polepole kuliko ilivyotakiwa. Sehemu ya tatu ya maelezo ya katizo inasema aina yake: 1 ni ukingo unaopanda, 4 ni kiwango cha juu kinachoshikiliwa. Nilikuwa nimenakili 4 kutoka kifaa cha pembeni. Kifaa chetu hutoa pigo fupi na kuachia, kwa hiyo mengi yalipita kabla hayajahudumiwa. Nimeweka 1. Sawa.

Siku ya 8

Mistari mitatu ya giza imeondoka kwa mkupuo. Nimeuangalia mchoro wa umeme wa bodi: ilikuwa ya kihisi cha joto kilichokuwepo kwenye bodi za majaribio tu. Kwenye bodi zilizosambazwa nafasi yake ni tupu, hakuna kilichounganishwa. Imebaki 6.

Siku ya 9

Mtandao. Chipu ya mtandao inaonekana mwanzoni kabisa, kisha baada ya kerneli kumaliza kuanza, kila rejista yake inasomeka 0xffff. Kwenye basi ile 0xffff ina maana kwamba hakuna aliyejibu na waya umebaki juu.

Nimeanza kwa kushuku umeme, nikapima, uko sawa. Nikashuku riseti, pini iko juu inavyotakiwa. Ndipo nikaukumbuka mstari wa giza wa kwanza, ule wa mapigo ya saa yasiyo na mwombaji. Nikaongeza clk_ignore_unused kwenye mstari wa amri, mtandao ukabaki hai.

Kinachotokea ni hiki. Mwishoni mwa kuanza kwake, kerneli hupitia orodha ya mapigo yote ya saa, na yale yanayotembea bila kudaiwa na draiva yoyote huyazima. Ni tabia nzuri, inaokoa umeme. Lakini kwenye bodi yetu chipu ya mtandao haina kioo chake cha kuzalisha mapigo. Inapokea megaheti 25 kutoka chipu kuu kupitia pini moja. Programu ya kuwashia huyawasha, kerneli huyakuta yanatembea, haioni mwenyewe, inayazima. Chipu inapoteza moyo wake na kunyamaza.

Suluhisho si kuubakiza ule ufunguo kwenye mstari wa amri, kwa sababu unaacha mapigo yote yasiyodaiwa yakiwaka na unaficha makosa mengine ya aina hii. Suluhisho ni kusema ukweli kwenye mti: chipu ya mtandao inategemea mapigo yale. Nimeongeza sifa ya clocks kwenye nodi yake (sehemu yake ndani ya mti), draiva inayadai, kerneli inayaacha. Faili la zamani lilikuwa likitoa amri. Mti unaeleza kilichounganishwa na nini, na amri zinatokana na maelezo. Hapa ndipo nilipoanza kuupenda mradi huu kwa dhati.

Imebaki 5.

Siku ya 12

Nilidhani nimemaliza na mtandao. Mwenzangu anayenisaidia kujaribu amewasha bodi mara 40 akizima umeme kabisa kila mara. Mara 37 mtandao umekuja. Mara 3 kerneli imesema hakuna chipu ya mtandao kwenye anwani 1.

Kitu kinachoshindwa mara 3 kati ya 40 kinanitia wasiwasi kuliko kinachoshindwa daima. Kwenye meza utakiona kimepona, kisha kitashindwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuiwasha upya.

Siku ya 13

Nimeandika programu ndogo ya kupitia anwani zote 32 za basi ya mtandao kila bodi inapowaka. Ikishindwa, chipu ipo, ila mara mbili imejibu kwenye anwani 3 na mara moja kwenye 5. Kwa hiyo haijafa. Imehama.

Chipu nyingi za mtandao hujifunza anwani yake wakati wa kutoka kwenye riseti. Wakati huo pini zake za data ya kupokea bado hazina kazi, kwa hiyo hutumika kama swichi: pini ikiwa juu ni moja, ikiwa chini ni sifuri, chipu inasoma mara moja na kukumbuka. Baada ya hapo pini zinarudi kwenye kazi ya data. Bodi yetu haina rizista za nje za kuzishikilia pini hizo. Inategemea mvuto dhaifu (rizista ya kuivuta pini juu au chini) uliomo ndani ya chipu yenyewe.

Nikachukua osiloskopu, kifaa cha kuonyesha volti zinavyobadilika. Wakati wa riseti, pini iliyotakiwa kuwa chini kabisa ilikuwa kwenye volti 1.6. Kwenye mfumo wa volti 3.3 hiyo ni katikati. Si sifuri wala si moja. Chipu ilikuwa inakisia, na mara nyingi ilikuwa inakisia sawa.

Nani anaivuta juu? Chipu kuu. Pini zake zikipewa kazi ya mtandao, mipangilio niliyoirithi inawasha pia mvuto wa juu wa ndani. Mvuto dhaifu wa upande mmoja unapambana na mvuto dhaifu wa upande wa pili, na matokeo yanategemea joto na bodi uliyoishika.

Na hapo mistari mitatu ya giza ikafunguka yote kwa pamoja. Zile sifuri kwenye rejista za pini zilikuwa zinazima mvuto huo kabla ya riseti kuachiwa. Nimelirudia faili la zamani nikaona mpangilio ulivyokuwa makini: zima mvuto, shikilia riseti, subiri milisekunde 20, achia. Ule mstari wa kusubiri nao ukapata maana, kwa kuwa kitabu cha chipu ya mtandao kinataka riseti ishikiliwe angalau milisekunde 10 baada ya umeme na mapigo kutulia. Mtu yule alijua alichokifanya. Alikaa na osiloskopu kama mimi, pengine siku mbili kama mimi, na baada ya kupata jibu aliandika mistari minne sahihi bila neno moja la kusema kwa nini. Simlaumu. Tarehe ya kukabidhi kazi huwa haisubiri maelezo. Lakini imenigharimu.

Siku ya 14

Marekebisho ni madogo. Kwenye mfumo wa sasa, kerneli huziweka pini za kifaa katika hali yake ya kawaida kabla tu ya kuita draiva ya kifaa hicho. Riseti ya basi ya mtandao inafanyika baadaye, ndani ya draiva. Kwa hiyo sihitaji amri yoyote ya ziada. Natakiwa tu kusema kweli kuhusu hali ya pini: bias-disable, hazivutwi juu wala chini. Riseti nimeieleza kwenye nodi ya basi, ikiwa na muda wake wa kushikilia.

Volti kwenye pini sasa ni karibu na sifuri. Juu ya mistari hiyo ya mti nimeandika maelezo marefu kuliko mistari yenyewe: pini hizi ni swichi za anwani wakati wa riseti, mvuto wowote kutoka chipu kuu unaihamisha chipu ya mtandao, usiuwashe.

Umebaki mmoja.

Siku ya 17

Bodi imekataa kuwaka kutoka kadi ya ndani. Imepata mzizi usio wake. Kuna vidhibiti viwili vya kadi, kimoja cha kumbukumbu iliyochomelewa na kingine cha kadi ya kuchomeka, na kwenye kerneli mpya huanzishwa sambamba, kwa hiyo anayemaliza kwanza ndiye anayekuwa namba 0. Kerneli ya zamani iliwapanga foleni. Nimeongeza majina ya kudumu kwenye nodi ya aliases, na mzizi sasa unatajwa kwa kitambulisho cha sehemu ya diski, si kwa namba. Yote mawili, kwa makusudi.

Siku ya 18

Mstari wa mwisho wa giza: biti ndani ya chipu ya saa na tarehe. Kwa kawaida chipu ile hutoka kiwandani ikiwa imezimiwa uhamaji wa kwenda kwenye betri. Ukiuzima umeme bila kufuta biti ile, betri ipo na saa haitembei. Kwenye kerneli mpya draiva inashughulikia jambo hilo yenyewe. Nimechomoa umeme usiku kucha, asubuhi saa ilikuwa sahihi. Orodha imekwisha.

Siku ya 20

Nimevituma viraka (mabadiliko ya msimbo) kwa wakaguzi wa kerneli kuu kwa mara ya kwanza. Ni vinne: jina la bodi kwenye kanuni za maelezo (zinazosema mti uandikwe vipi), kanuni ya kifaa chetu cha vipimo, draiva yake, na mwisho mti wenyewe. Kanuni hutangulia, kwa sababu mti usio na kanuni hauwezi kukaguliwa. Kila kiraka kina sahihi yangu ya Signed-off-by, maana yake nathibitisha nina haki ya kuutoa msimbo huu.

Siku ya 24

Majibu. Mkaguzi wa kanuni amepita mstari kwa mstari, kwa upole na bila huruma kwa msimbo, kama inavyotakiwa. Majina ya nodi yawe ya jumla, ethernet-phy na si jina la chipu. Nodi zipangwe kwa anwani. Kuna onyo moja la kikaguzi cha mti nililoliona nikalipuuza, sikustahili kulipuuza.

Jambo zito ni sifa niliyoiongeza kwenye kifaa cha vipimo, inayosema draiva isome kila baada ya milisekunde ngapi. Ameikataa. Mti unaeleza maunzi, na muda wa kusoma si maunzi, ni uamuzi wa programu. Nilitaka kubishana. Nikaandika jibu refu, nikalisoma, nikalifuta. Ana haki. Mti ukishaingia kwenye kerneli kuu unakuwa ahadi: mti wa leo lazima ufanye kazi na kerneli ya miaka kumi ijayo, na pia mifumo mingine nje ya Linux inaweza kuusoma. Nikiweka humo tabia ya draiva yangu ya leo, nitakuwa nimeifunga draiva hiyo kamba ambayo hakuna atakayeweza kuikata. Muda umehamia kwenye sysfs (mafaili ya mipangilio ya kerneli inayotembea), ambako mtumiaji ataubadilisha mwenyewe.

Siku ya 27

Toleo la pili limetumwa. Ombi jipya: nani ataitunza bodi hii? Wanataka jina kwenye faili la MAINTAINERS.

Swali ni la haki. Kerneli haiogopi kufuta. Toleo la 3.8 mwaka 2013 liliacha kuunga mkono kichakato cha 386, ambacho ndicho Linux ilizaliwa juu yake. Toleo la 4.17 mwaka 2018 liliondoa aina nane za vichakato kwa wakati mmoja. Vichakato vya Itanium viliondoka toleo la 6.7, Januari 2024. Katika mengi ya hayo, watu wa kuujaribu msimbo walikuwa wameisha. Msimbo wa maunzi usiojaribiwa kwenye maunzi huoza hata kama kompaila inaupitisha, kwa sababu kompaila haijui kwamba volti kwenye pini ni 1.6.

Nimeweka jina langu. Na nimejifunga kwa jambo moja linalopimika: kila toleo la kwanza la majaribio, rc1, litawashwa kwenye bodi halisi ndani ya wiki moja. Bodi moja nimeifungia kwenye meza na swichi ya umeme inayoendeshwa na programu, ili jaribio lisitegemee kumbukumbu yangu.

Siku ya 34

Toleo la tatu. Mkaguzi ametoa idhini yake ya Reviewed-by kwenye viraka vyote vinne. Mtunzaji wa jukwaa, anayesimamia msimbo wa chipu hii kuu, amevichukua kwenye tawi lake kwa ajili ya dirisha lijalo la kuunganisha. Dirisha hilo hufunguka kwa wiki mbili baada ya kila toleo, kisha hufuata wiki saba hivi za majaribio, kwa hiyo tutakuwa ndani ya kerneli kuu baada ya miezi kama mitatu.

Siku ya 36

Swichi ya meza imeiwasha bodi mara 200 kutoka baridi, kwa kerneli ya tawi lile na mti ule. Mara 200 chipu ya mtandao imejibu kwenye anwani 1.

Alasiri nimelifuta faili la bodi. Kwenye maelezo ya badiliko hilo nimeiorodhesha ile mistari 9 mmoja mmoja: ulikuwa unafanya nini, uliwekwa kwa nini, na kazi yake sasa inafanyika wapi.